Dawa Ndiyo Iliyoshindwa, Siyo Mama

 

Siye tunaoandika leo ni watoto watatu wa mama mmoja. Dada yetu mkubwa anauza nyanya na vitunguu kwenye soko la kambi. Wa pili ndiye anayeshika simu hii. Alimaliza sekondari na sasa anajitolea kwenye timu ya uhamasishaji wa afya, wale mnaowaona wanapita nyumba kwa nyumba na fulana za rangi moja. Wa mwisho bado anasoma. Tunaandika "sisi" kwa sababu habari hii haikuwa ya mtu mmoja. Virusi vilikuwa kwenye damu ya mama, lakini matibabu yaliingia nyumba nzima.

Mama ametupa ruhusa. Aliomba mambo mawili tu: jina lake lisionekane, na kambi isitajwe. Basi mjue tu kwamba tulitoka Kivu ya Kaskazini, kwamba tuko Rwanda, na kwamba matibabu yake ya hepatitisi C, yaani homa ya ini aina ya C, yalichukua mwaka mmoja na nusu. Watu wengi wanamaliza vidonge kwa miezi mitatu, wanapimwa, wanaambiwa wamepona. Yeye dawa ya kwanza haikumponya, ikabidi aanze upya. Hapo kwenye kuanza upya ndipo tunataka kuzungumza.

Mtu akiugua, sote tunajua la kumwambia: "Jikaze, uwe na moyo." Na siye tulimwambia mama hivyo, mara nyingi. Lakini tumeona kwa macho yetu kwamba moyo unaisha kama mafuta ya taa. Hata mtu mwenye imani unaisha. Kilichomfikisha mama mwisho ni kwamba siku moyo wake ulipoisha, kulikuwa na mtu mwingine ambaye bado alikuwa na kidogo, akamkopesha.

Kwanza tuseme ugonjwa wenyewe, maana kambini maneno ni mengi. Hepatitisi C ni virusi vinavyokaa kwenye ini. Viligunduliwa mwaka 1989, na wanasayansi watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu karibu milioni 50 wanaishi navyo. Vinapita kwa damu: sindano isiyochemshwa, wembe uliotumika kwa watu wengi, damu ya kuongezewa ambayo haikupimwa, mara nyingine kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Havipiti kwa sahani, kwa kikombe, kwa kukumbatiana, wala kwa kulala kwenye mkeka mmoja. Chanjo ya hepatitisi B ipo. Ya C bado haipo. Ubaya wake ni ukimya. Mtu anaweza kukaa navyo miaka 20 ao zaidi hasikii kitu, huku ini linajaa makovu polepole. Siku tumbo linavimba ao macho yanakuwa ya manjano, mara nyingi ini limeshaharibika sana.

Kwa nini wazee wetu wengi wanavyo? Mama mwenyewe anakumbuka. Alipokuwa mdogo alikatwa kilimi kule kijijini, na kifaa kilikuwa kimoja kwa watoto wote waliopangwa mstari. Baadaye kulikuwa na mtu aliyekuwa anapita na mkoba, anachoma sindano kwa homa yoyote, na sindano ilikuwa ileile. Wakati huo hakuna aliyeona vibaya. Sindano ndiyo ilikuwa dawa ya kweli machoni pa watu. Misri nayo ilipitia hayo kwa ukubwa wa taifa zima: kampeni za zamani za sindano za kichocho zilieneza virusi hivi kwa watu wengi mno, na ilibidi nchi hiyo ije ipime makumi ya mamilioni ya raia wake, kuanzia 2018, ili iwatibu. Kwa hiyo kijana, usimwangalie mzazi wako kama mtu aliyefanya jambo la aibu. Wengi walipata virusi palepale walipokwenda kutafuta uzima.

Mama alipatikana siku ya kampeni ya kupima. Mwishoni mwa mwaka 2018 Rwanda ilitangaza mpango wa miaka mitano wa kutokomeza hepatitisi C, na wakimbizi hatukuachwa nje. Tulipanga mstari kama wenyeji wanavyopanga kwao. Walitoboa kidole, wakasubiri dakika chache, wakamwambia abaki. Akatolewa damu nyingine ya kupeleka maabara.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalielewi, na limeleta hofu ya bure. Kipimo cha kidole kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi. Hakisemi kama bado vipo. Karibu watu 3 kati ya 10 mwili wao unavifukuza wenyewe katika miezi sita ya kwanza, bila dawa. Kipimo cha pili, kile cha maabara, ndicho kinachotafuta virusi vyenyewe. Kwa mama kipimo cha pili kilisema vipo, na vingi.

Usiku ule alitenga kikombe chake. Hakusema kitu. Asubuhi tukakiona pembeni, kimefunikwa na kisahani, na kijiko chake juu. Dada yetu alikichukua, akamimina uji, akanywa nusu, akampa mdogo wetu akamalizia. Mama akapiga kelele: "Munataka kufa?" Dada akamjibu, "Mama, ule wa pili ametufundisha kwamba hii haipitake kwa kikombe. Ao amekuwa anadanganya watu kambi nzima?" Mama akanyamaza. Kikombe kikarudi pamoja na vingine. Tunaona kwamba matibabu yake yalianza siku hiyo, kabla ya kidonge cha kwanza.

Kidonge cha kwanza kilikuja baadaye: kidonge kimoja kwa siku, ndani yake dawa mbili, sofosbuviri na ledipasviri. Wiki 12, chupa tatu za vidonge 28, jumla vidonge 84. Mtaalamu alituambia tuna bahati ya kuzaliwa wakati huu. Zamani kulikuwa na sindano za intaferoni, mara nyingi kila wiki, miezi sita hadi mwaka mzima, pamoja na vidonge vya ribavirini. Wagonjwa walikuwa wanapata homa, damu inapungua, usingizi unapotea, wengine wanaingia kwenye huzuni nzito, na baada ya mateso yote hayo wengi hawakupona. Sofosbuviri ilipotoka Marekani mwishoni mwa mwaka 2013, kozi ya wiki 12 iliuzwa dola 84,000, yaani dola 1,000 kidonge kimoja. Leo, kwa sababu viwanda vingi vinaitengeneza, nchi kama zetu zinaweza kununua kozi nzima kwa chini ya dola 100. Mama aliposikia bei ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu: "Kumbe kila asubuhi namezaga ng'ombe!"

Mdogo wetu alichora mistari 84 kwa chaki nyuma ya mlango. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupanga bidoni kwenye mstari wa maji, alisimama mbele ya mama mpaka kidonge kishuke, kisha anafuta mstari mmoja. Majirani walileta majani machungu ya kuchemsha, kwa upendo, wakisema yanasafisha ini. Tuliwashukuru, tukayaweka pembeni, kwa sababu muuguzi alituonya kwamba dawa nyingine, hata za majani na hata vidonge vya kiungulia, zinaweza kuharibu kazi ya hivi. Mama hakuruka hata siku moja. Tunasema hili kwa nguvu: hata siku moja.

Mlango ulipobaki mweupe tulipika sombe na mchele. Ilikuwa kama sikukuu.

Lakini kumaliza vidonge siyo kupona. Unasubiri wiki nyingine 12, ndipo wanapima tena. Wiki hizo ndizo watu wengi wanapotelea. Mtu anajisikia vizuri, anakwenda kutafuta kazi ya kulima kwa wenyeji, anasahau tarehe. Tulimpeleka mama tarehe yake. Majibu yalipokuja, aliyetusomea alikuwa na watu wengi mlangoni, ana haraka. Alisema neno moja kwa mama: "Umeshindwa matibabu."

Vijana wenzetu, hilo neno lilikaa nyumbani kwetu miezi.

Mama alianza kujihesabia makosa. Labda ile siku alikunywa dawa saa mbili badala ya saa kumi na mbili. Labda yale maziwa. Labda Mungu anamwadhibu kwa kuacha kaburi la baba bila mtu wa kulipalilia. Alipoambiwa kwamba kuna dawa nyingine ya nguvu zaidi, lakini ataenda kuitafuta mjini kwa karatasi ya transfa, alisema: "Wanangu, mimi nimechoka. Nimejaribu, nimeshindwa. Muniache nikae na kile Mungu amenipa." Tukamwambia ajikaze. Tukamletea pasta, akamwombea. Aliitika amina, na bado hakutaka kwenda.

Hapo ndipo siye watatu tulikaa nje, karibu na jiko, tukagawana kazi. Hatukupanga kumbadilisha moyo. Tulisema: moyo tuuache kwanza, tufanye vitu ambavyo havihitaji moyo wake. Wa pili atafuata karatasi. Dada ataweka pembeni kila siku faranga kidogo ya nauli. Mdogo atamsimamia mama kuoga na kutoka jua linapochomoza, asilale siku nzima. Tukakubaliana kwamba karatasi ikitoka na mama bado hataki, tutamheshimu. Lakini hatutamwacha akatae kitu ambacho hakijafika mlangoni.

Karatasi ilichukua miezi saba. Hatutaki kumtaja mtu. Kila ofisi ilikuwa na sababu zake. Mara sahihi inakosekana, mara mwenye mhuri yuko semina, mara faili limehamia kwa mwingine. Tulikuwa na daftari moja ndogo. Kila Jumanne wa pili alikwenda, akauliza, akaandika tarehe, jina la aliyemjibu na jibu lenyewe. Mwanzo walimwona msumbufu. Baadaye daftari ndiyo ikawa msaada, kwa sababu mtu akisema "hatujawahi kuona kesi hii," tunafungua ukurasa. Tunawashauri: nunueni daftari. Hasira inasahaulika kesho yake, lakini tarehe iliyoandikwa inabaki.

Mama alikubali kwenda mjini kwa sababu nauli ilikuwa imeshalipwa, na yeye hapendi pesa ipotee. Tunacheka leo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hakwenda kwa ujasiri. Alikwenda kwa uchumi.

Daktari wa kule alikuwa kijana, pengine hatuzidi sana umri. Alisoma karatasi zote, kisha akauliza kwa Kiswahili, polepole: "Mama, ulikunywa dawa zote?" Mama akasema zote. Akauliza tena kama aliruka siku. Mdogo wetu, aliyekuwa amemsindikiza, akaeleza ile mistari ya mlangoni. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema: "Basi hukushindwa. Dawa ndiyo imeshindwa."

Akatufafanulia. Virusi hivi vina aina mbalimbali. Kwetu, Kongo na Rwanda, aina ya 4 ndiyo imeenea, na ndani ya aina ya 4 kuna matawi. Kuna tawi linaloitwa 4r ambalo ni gumu kwa baadhi ya dawa. Ulifanyika utafiti Rwanda kwa watu 300 waliopewa dawa ileile ya kwanza ya mama. Watu 87 kati ya kila 100 walipona. Lakini wenye tawi la 4r, waliopona walikuwa zaidi kidogo ya nusu tu. Waliobaki na virusi walikuwa na bahati mbaya ya tawi. Na walipopewa dawa ya pili, ile ya mchanganyiko wa dawa tatu, karibu wote walipona.

Mama alisikiliza yote hayo. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu. Tulipofika nyumbani, akamwambia dada: "Kumbe si mimi." Akarudia tena akiwa anavua viatu: "Kumbe si mimi." Kesho yake aliamka mwenyewe, akafagia uwanja.

Ndugu wafanyakazi wa afya, hapa tunawaomba kwa heshima kubwa. Tunajua mna wagonjwa wengi na saa ni chache. Lakini angalieni lile neno moja. "Umeshindwa matibabu" na "dawa haikufanya kazi" yote mawili yanatamkwa kwa pumzi moja, hayatofautiani hata kwa sekunde. La kwanza lilimlaza mama yetu miezi saba. La pili lilimwamsha kwa siku moja.

Kozi ya pili nayo ilikuwa wiki 12, kidonge kimoja kwa siku, sofosbuviri na velpatasviri na voksilapreviri pamoja. Tofauti kubwa: hiki lazima kimezwe pamoja na chakula. Na ndiyo miezi ambayo pesa ya chakula ilipunguzwa. Wenye kuishi kambini mnajua hesabu hiyo. Mwanzo wa mwezi kuna bugali na maharage. Wiki ya tatu kuna uji. Wiki ya nne unaangalia jirani. Kozi ya kwanza mama alimeza asubuhi na maji matupu, hakuna shida. Sasa tulibadilisha saa, tukaweka jioni, kwa sababu jioni ndiyo ilikuwa na sahani. Dada alikuwa anatenga fungu la mama kabla hajapakua letu. Mama alikuwa anajaribu kumrudishia mdogo nusu, na mdogo alikuwa anakimbia nje na kusema ameshiba, na hakuwa ameshiba.

Dawa hii pia ilimtesa zaidi. Kichwa kiliuma, alisikia kichefuchefu, na tumbo lilikuwa linaharisha hasa wiki za kwanza. Choo chetu kiko chini ya mteremko, watu wa nyumba nyingi wanakitumia, na usiku hakuna taa. Tulipeana zamu za usiku. Ukisikia mlango unalia, wenye zamu anaamka, anawasha tochi ya simu, anamshika mama mkono mpaka chini na kurudi naye. Wakati wa mvua ni kazi ngumu. Hakuna wimbo wa kutia moyo unaoweza kufanya kazi ya mkono wakati mteremko unateleza.

Wiki ya sita nyumba ilikauka. Hatukuwa na kitu cha jioni, na deni dukani lilikuwa limejaa. Mama akasema atameza bila chakula. Tukasema hapana. Akakaa kimya, halafu akajitanda kitenge, akatoka mwenyewe, akaenda kwa yule mama anayeuza mandazi kwenye kona ya kartie yetu. Miezi yote hiyo mama alikuwa ameficha ugonjwa wake. Kulikuwa na uvumi kwamba ukipatikana na hepatitisi, kesi yako ya kwenda ng'ambo inafungwa. Hatujaona hata mtu mmoja aliyefungiwa kesi kwa sababu hiyo, lakini uvumi ulitosha kufunga midomo. Jioni hiyo alimwambia yule mama wazi: "Nina ugonjwa wa ini, dawa yangu inataka chakula, leo sina."

Yule mama alimtazama, akafunga mandazi mawili kwenye gazeti. Akasema: "Bwana yangu alikufa tumbo limevimba, na hatukujua ni nini. Kila jioni pita hapa, mpaka dawa iishe. Tutahesabu baadaye." Hawajahesabu mpaka leo. Na baada ya wiki mbili yule mama mwenyewe alikwenda kupima. Kipimo cha kidole kilisema ndiyo, akalia sana. Tukamsindikiza kwa kipimo cha pili. Kilisema virusi havipo. Mwili wake ulishavifukuza zamani. Angeogopa kipimo cha pili, angebeba hofu hiyo maisha yake yote bila sababu.

Ndiyo maana tunasema siri ina bei. Hatusemi kila mtu atangaze ugonjwa wake sokoni. Kuna watu wabaya na kuna maneno yanayoumiza. Lakini chagua mtu mmoja nje ya nyumba yako ambaye anajua. Mmoja tu. Nyumba moja ikikauka, uwepo mlango wa pili.

Mama alimaliza chupa ya tatu. Safari hii hatukupika sombe na mchele. Tulisema tusubiri. Wiki 12 za kusubiri zilikuwa ndefu kuliko za kumeza. Tarehe ilipofika tukampeleka, tukarudi nyumbani, tukangoja simu. Majibu yalisema virusi havionekani.

Mama hakuruka wala hakupiga vigelegele. Aliomba asomewe mara mbili, halafu akauliza: "Na ini?" Alikuwa ameuliza swali sahihi. Ini lake lina makovu ya miaka mingi. Virusi vimekwenda, lakini makovu bado yapo, na mtu mwenye makovu mengi anabaki na hatari ya kansa ya ini hata baada ya kupona. Kwa hiyo kila miezi sita anafanyiwa ekografi, na pombe hagusi, hata ile ya ndizi ya harusini. Anachoka haraka. Bidoni ya lita 20 haibebi tena. Hii nayo tunaiandika, ili msidhani kwamba siku ya majibu mazuri mambo yote yanarudi kama zamani.

Jambo lingine la kuweka akilini: kipimo cha kidole cha mama kitaendelea kusema "ndiyo" maisha yake yote, hata kama amepona. Kwa hiyo karatasi ya kipimo cha mwisho tumeiweka kwenye plastiki, pamoja na karatasi za ukimbizi. Siku akipimwa mahali pengine, akaambiwa ana hepatitisi C, ataonyesha karatasi na kuomba kipimo cha virusi vyenyewe. Na kupona hakumkingi mtu asiambukizwe tena, kwa hiyo wembe ni wa mtu mmoja, sindano ni mpya, basi.

Kwa wewe kijana unayemuuguza mzazi ao mdogo wako, kwa hepatitisi, kwa kifua kikuu, kwa ugonjwa wowote wa dawa ndefu, tunakuachia haya machache tuliyoyaona. Usibebe moyo wa mgonjwa peke yako. Gawa kazi, hata kwa mtoto mwenye chaki. Uliza jina la dawa, inamezwa na chakula ao bila, na ni kitu gani haitaki. Andika tarehe zote, hasa ile ya baada ya kumaliza dawa. Dawa ikikataa, uliza kwa nini, na uliza ipi inafuata. Mara nyingi ipo. Na mgonjwa akisema amechoka, usimkemee. Kuchoka siyo kukata tamaa. Mwache apumzike, wewe endelea kufuata karatasi.

Kwenu mnaotuhudumia: mgonjwa anayekuja na daftari hakuja kuwashtaki. Anajitahidi msimsahau. Na mnapopanga dawa inayomezwa na chakula, muulize pia chakula kinatoka wapi.

Mwezi ujao mama ana ekografi. Zamu ya kumsindikiza ni ya dada. Kampeni ya kupima ikifika kwenu, mpelekeni mzee wa nyumba, na nanyi mpime.